Mkeka wa saundtraki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaobashiri albamu zinazokuja

Wakuu, swali moja nimelijibu mara ishirini mpaka vidole vimechoka, kwahiyo nimeyakusanya hapa yote. Mengine nimeyajibu kirefu mengine nimekata, ukiona nimekata ujue hakuna cha kusema.

Kwani mnabashiri nini hasa?

Tunabashiri ni filamu gani ya zamani ambayo muziki wake utafuata kutolewa kwenye albamu kamili. Sio zile nyimbo za wasanii zinazopigwa mwisho majina yakipita, hapana, nasemea ule muziki wa okestra unaopita nyuma wakati jamaa anakimbizwa na papa. Filamu nyingi za miaka ya 80 na 90 albamu zake zilitoka na nusu saa tu ya muziki, nyingine hazikupata albamu kabisa, halafu miaka 25 baadaye lebo ndogo huko California inaenda kuchimba kanda za zamani, inazisafisha, inatoa CD mbili zenye kila kipande mpaka vile ambavyo mwongozaji alivikata. Sasa hizi lebo hazisemi mapema zinapika nini. Ndo hapo tunapokaa kama vijana wa kubeti Jumamosi, kila mtu na mkeka wake, na karibu mikeka yote inachanika.

Shemeji yangu aliniuliza siku moja, "Yaani unanunua muziki wa filamu uliyoshaiona, tena bila filamu yenyewe?" Nikamwambia ndio. Akanyamaza, akaendelea kula.

Si muziki wote upo mtandaoni siku hizi? Mnahangaika na CD za nini?

Ulio mtandaoni mara nyingi ni ile ile albamu fupi ya mwanzo. Matoleo kamili mengi yanatoka kwenye CD tu, kwa sababu mkataba wa lebo ndogo na studio umeandikwa kwa CD za idadi fulani na sio zaidi ya hapo. Ukisubiri aplikesheni ikuletee utasubiri sana.

Kwanini albamu za zamani zilikuwa fupi hivyo? Walikuwa wanatubania?

Hili ndo swali zuri kuliko yote maana ukilielewa hili umeelewa nusu ya mchezo. Wanamuziki wa okestra wanaorekodi filamu Los Angeles wapo kwenye chama chao, American Federation of Musicians, na sheria ya chama inasema muziki uliorekodiwa kwa ajili ya filamu ukihamishiwa kwenye albamu basi kila aliyepuliza na aliyepiga fidla analipwa tena. Okestra ya watu 90, piga hesabu mwenyewe. Kadiri dakika zinavyozidi kwenye albamu ndivyo malipo yanavyozidi, kwahiyo lebo zilikuwa zinaishia dakika 30 hivi na kufunga duka. Ndo maana ukiona albamu ya mwaka 1990 ina dakika 30 na filamu imerekodiwa Los Angeles, usimlaumu mtunzi. Muziki uliorekodiwa London haukuwa na mzigo huo na ndo maana albamu zake za kipindi kile zilikuwa ndefu ndefu.

Baadaye chama kikakubali utaratibu nafuu kwa muziki wa zamani unaotolewa kwa idadi ndogo, na hapo ndipo ile namba ya nakala 3,000 unayoiona kila mahali ilipozoeleka. Sio kwamba walikaa wakapiga kura ni watu 3,000 tu duniani wenye akili kama zetu, ingawa inawezekana ni kweli.

Mfano unaoniuma mpaka leo ni Back to the Future. Filamu ya 1985, muziki wa Alan Silvestri, kila mtu anaujua, lakini albamu ya mwaka ule ilijaa nyimbo za pop na ndani yake kulikuwa na vipande viwili tu vya okestra. Viwili! Watu wakasubiri mpaka 2009 lebo ya Intrada walipotoa CD mbili. Miaka 24, mtu anazaliwa anamaliza chuo.

Lebo gani nizifuatilie?

La-La Land Records wapo Burbank, walianza 2002, hawa ndo wenye matoleo mazito ya mwisho wa mwaka. Intrada wa tangu 1985. Varèse Sarabande wakongwe wa 1978, tangu 2018 wapo chini ya kampuni ya Concord. Ulaya kuna Quartet wa Hispania na Music Box wa Ufaransa, hawa Wafaransa ukipenda filamu za kwao ndo penyewe. Film Score Monthly walifunga biashara ya CD wakiwa wamefikisha albamu 250, lakini vitu vyao bado vinatafutwa kama dawa.

Nitajuaje kwamba filamu fulani inakaribia?

Watu wengi wanabashiri kwa moyo. Anaipenda filamu basi anaamini lazima itoke mwaka huu. Mkuu, lebo haijui kama unaipenda. Mimi nafuata makaratasi, na nauliza vitu vitatu kabla sijaweka chochote kwenye mkeka.

Cha kwanza, nani mwenye filamu na nani mwenye albamu. Hawa mara nyingi ni watu wawili tofauti na wengi hawalijui hili. Studio ndo ina kanda za muziki, lakini ile albamu ya 1988 inaweza kuwa mali ya kampuni ya rekodi nyingine kabisa, na toleo kamili linahitaji sahihi za wote wawili. Mmoja akiwa hajibu barua pepe basi imekufa. Studio zikinunuana ndo balaa zaidi, mfano Disney walipokamilisha kuinunua Fox Machi 2019, kila mwenye mkeka wenye filamu za Fox akabaki anajiuliza mlango wa kugonga sasa ni upi.

Cha pili, kanda zipo? Na zipo katika hali gani? Kuna kanda za njia 24 za sauti, kuna mkanda wa sumaku wa milimita 35 wenye njia tatu, kuna nakala ya mono, yaani sauti ya njia moja tu, aliyobaki nayo mtunzi nyumbani kwenye sanduku. Kama kilichobaki ni mono tupu lebo itafikiria mara mbili. Na wakati mwingine hakuna kitu, mtu alisafisha stoo mwaka 1974 akatupa.

Cha tatu, albamu ya kwanza ilirekodiwa upya au ni muziki wenyewe wa kwenye filamu? Hiki watu wanakisahau. Zamani ilikuwa kawaida mtunzi kurudi studio na kurekodi upya kwa ajili ya sahani ya santuri, anapanga upya vipande visikike vizuri sebuleni. Albamu ya Jaws ya 1975 ni hivyo, John Williams aliirekodi upya, na rekodi yenyewe ya filamu ikasubiri mpaka mwaka 2000 ndo ikatoka, halafu Intrada 2015 wakatoa CD mbili zenye zote pamoja. Kwahiyo ukikuta filamu maarufu ambayo albamu yake pekee ni ya kurekodi upya, hapo weka alama, maana muziki wa kwenye filamu wenyewe haujawahi kusikika popote nje ya filamu na lebo inalijua hilo kuliko wewe.

Maadhimisho ya miaka yanasaidia?

Yanasaidia ndio, kwa filamu kubwa. Angalia La-La Land: Dances with Wolves 2015 miaka 25, Close Encounters na E.T. zote 2017 miaka 40 na 35, Titanic 2017 miaka 20 CD nne nakala 5,000, Schindler's List 2018 miaka 25. Unaona mtindo. Ila usiwe mtumwa wa kalenda, Superman ya 1978 toleo la miaka 40 lilitoka 2019. Makaratasi yalichelewa, keki ikaliwa baadaye. Na filamu ndogo ndogo haziangalii maadhimisho kabisa, zinatoka siku ambayo sahihi za mikataba zimekamilika.

Kama ya kwanza na ya pili zimetoka, ya tatu si inafuata?

Hapa ndo mikeka inachanika kwa wingi! Chukua filamu za Star Trek. Film Score Monthly walitoa ya pili 2009 na ya tatu 2010, kila mtu akasema basi sasa ni ya nne. Mwaka huo huo 2010 ikatoka ya tano, tena kwa La-La Land. Ya nne ikaja 2011 kwa Intrada, ya sita 2012 kwa Intrada, na ya kwanza kabisa, ile yenye muziki wa Jerry Goldsmith ambayo watu walikuwa wanaililia, ikaja 2012 kwa La-La Land CD tatu. Lebo tatu tofauti, mpangilio kama mtu alimwaga karata sakafuni. Sababu ni ile ile niliyosema, kila albamu ya mwanzo ilikuwa na mwenyewe wake. Aliyefuata namba alikosa, aliyefuata jina dogo la kampuni lililoandikwa nyuma ya kasha la zamani alikaribia.

Vipi zile dokezo wanazotoa wenye lebo?

Ah, dokezo. Mwenye lebo anasema "mwezi ujao tuna kitu cha CD mbili, mtunzi bado yupo hai, na hakuna meli ya anga." Watu 200 wanatoka mbio. Ushauri wangu ni mmoja, dokezo lisome kwa kile linachokataa. Akisema hakuna meli ya anga amekuondolea theluthi ya mkeka bure, mshukuru. Lakini akisema "mtafurahi sana" hajakwambia kitu, kila muuza nyanya anasema hivyo.

Angalia na namba za katalogi. La-La Land wana zile za LLLCD, ukiona imetoka namba fulani halafu ikarukwa moja ikatoka inayofuata, ile iliyorukwa ipo mahali imekwama, labda kava halijapitishwa, labda mtunzi hajaridhia. Pengo kama hilo mimi naliandika kwenye daftari. Ninalo daftari kweli, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Na maduka ya mtandaoni huwa yanateleza, yanaweka ukurasa wa bidhaa siku mbili kabla ya tangazo. Ukiona, piga picha ya skrini haraka maana wakishtuka wanafuta.

Kwanini wasiseme tu mapema watu wajiandae?

Kwa sababu mpaka sahihi ya mwisho iingie inaweza kufa. Na wakitangaza "tunatoa toleo kamili" miezi sita kabla, toleo fupi lililobaki kwenye rafu hakuna atakayelinunua tena.

Muziki uliokataliwa na mwongozaji unaweza kutoka?

Unaweza, na huo ndo utamu wenyewe. Alex North aliandika muziki wa 2001: A Space Odyssey, Stanley Kubrick akauweka pembeni akatumia muziki wa zamani wa kina Strauss na Ligeti, na North akaja kugundua kwamba kazi yake haimo. Amefariki 1991. Mwaka 2007 Intrada wakatoa rekodi yake ya asili, mono, miaka karibu 40 baada ya filamu kutoka 1968. Kama kuna mtu aliiweka hiyo kwenye mkeka miaka ya 90 nampa mkono. Kwa kawaida lakini, muziki uliokataliwa weka chini kabisa ya orodha, studio hazipendi kukumbushwa.

Ni kweli kanda nyingi ziliungua?

Tarehe 1 Juni 2008 moto ulichoma jengo la kuhifadhia la Universal kule Hollywood, na ukubwa wa hasara ya kanda za muziki ukaja kujulikana vizuri 2019 gazeti la New York Times lilipoandika. Zile zilikuwa za kampuni ya rekodi. Kanda za studio za filamu ni suala jingine, kwahiyo mtu akikwambia "filamu zote za Universal sahau" mwambie apunguze. Hiyo Jaws ya 2015 niliyoitaja ni filamu ya Universal.

Kuna za kwetu huku? Yaani filamu zilizopigwa Afrika Mashariki?

Zipo bwana, na hapa niachieni niseme kidogo. Hatari! ya 1962, jina lenyewe la Kiswahili, ya Howard Hawks na John Wayne, ilipigwa Tanganyika maeneo ya Arusha, Momella. Yule mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alipapenda Momella mpaka akanunua shamba pale akaishi miaka. Muziki ni wa Henry Mancini, na kile kipande cha mtoto wa tembo anatembea hata bibi yako anakijua, amekisikia kwenye tangazo hata kama hajui jina. Sasa Mancini alikuwa na mazoea yake, albamu zake za kampuni ya rekodi ya RCA alizirekodi upya, kwahiyo miaka nenda rudi watu walikuwa na albamu ya Hatari! ambayo sio muziki wa kwenye Hatari! Intrada ndo wakaja kutoa rekodi yenyewe ya filamu. Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza usiku umeme umekatika, kwenye laptop yenye chaji asilimia 30, ngoma za mwanzo zikaingia wakati jenereta la jirani linanguruma, na nikazima kila kitu kingine kwenye mashine ili chaji ifike mwisho wa CD. Ilifika. Ikabaki asilimia 4.

Halafu kuna The Ghost and the Darkness ya 1996, wale simba wa Tsavo wa 1898, filamu yenyewe waliipigia Afrika Kusini lakini stori ni ya Kenya. Muziki wa Goldsmith, nao ukaanza na albamu ya kawaida na Intrada wakaja kuurefusha. Na The Lion King nadhani hamuhitaji kuambiwa, hiyo haikupitia lebo ndogo, Disney wenyewe waliitoa upya 2014 CD mbili kwa miaka 20. Somo kwa wabashiri: Disney akiwa na kitu cha kuuza sana anauza mwenyewe, usikiweke kwenye mkeka wa Intrada.

Nimenunua toleo kamili, na sasa limetoka kamili zaidi. Nimeibiwa?

Pole. Hujaibiwa, umekua. Hook ya John Williams ilitoka kwa La-La Land 2012 CD mbili, tukasema sasa basi, 2023 lebo ile ile ikaja na CD tatu. Kanda nyingine zinapatikana baadaye, mitambo ya kusafisha sauti inaboreka, mkataba wa kwanza ulizuia vitu fulani. Mimi ninazo zote mbili na mke wangu anajua moja.

Hii pia iingie kwenye kubashiri kwako, usiifute filamu kwenye orodha eti kwa sababu imeshatoka. Kama toleo lake limeisha sokoni na lilikuwa na sauti mbovu, linarudi.

Oda zinafunguliwa saa ngapi kwa saa za kwetu?

La-La Land wanafungua saa 6 mchana ya kwao California. Kwetu Nairobi na Dar hiyo ni saa 4 usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa 5 usiku wakibadilisha saa zao mwezi Novemba. Vitu vya Black Friday, ile Ijumaa ya mauzo mwishoni mwa Novemba, vyote kwahiyo ni saa 5 usiku. Hakikisha kadi ina hela kabla, mimi nimeshawahi kukaa saa 5 kamili nikidhani nimejiandaa, kumbe benki imeweka kikomo cha malipo ya mtandaoni na huduma kwa wateja wanafungua asubuhi.

Nakala 3,000 zinaisha haraka?

Nyingi haziishi haraka, zinakaa miaka. Usitishwe na neno "idadi maalum". Zinazoruka ni zenye jina kubwa au za nakala 1,000 hivi kushuka.

Usafirishaji vipi?

Agiza mbili tatu kwa pamoja maana nauli ya moja inaweza kukaribia bei ya CD yenyewe, na uwe na hela ya ushuru pembeni. Kifurushi changu cha kwanza kilikaa wiki saba, siwataji waliokibeba, kilipofika nikatikisa nikasikia kitu kinacheza ndani kama njugu. Yale meno ya katikati ya kasha yanayoshika CD yalikuwa yamevunjika yote sita, CD imezunguka humo ndani kutoka California mpaka hapa. Michirizi ilikuwepo ila inapiga. Tangu hapo huwa ninanunua makasha matupu dazeni nzima na kuweka kabatini, ukiishi Dar ukavunjikiwa nitafute, nitakupa moja.

Na CD za magendo? Kama muziki upo mtaani tayari si ina maana kanda zipo?

Hapana. Nyingi zilitoka kwenye nakala ya nakala ya kaseti ya mtu fulani. Magendo kuwa mengi ni dalili kwamba watu wanautaka tu, na hamu ya watu tushasema haisaini mkataba.

Nimwandikie mtunzi kumuuliza?

Usimsumbue mzee wa watu.

Wewe mkeka wako wa mwaka huu una nini?

Siuweki hadharani. Mwaka jana niliuweka, filamu tano, nikamwambia rafiki yangu wa Tanga nikikosa zote nanunua pilau. Alikuja na mdogo wake na watoto wawili.